Sahani Mlangoni pa Jiko

Kwa miaka saba nilimchukia mtu aliyenilisha kila Jumamosi. Naanza hapo ili msomaji asije akadhani nataka kumsifu tu kwa kuwa ameshakufa. Wafu wa Kisangani husifiwa sana, hata wale waliotutesa, na mimi nimechoka na sifa za matanga.

Tulimwita Mupangaji. Jina lake la ubatizo nalijua, ila yeye mwenyewe alisema lile ni la padri na la karatasi za kodi, tuliache huko. Alikuwa mpangaji wa watu. Kule kwenye maporomoko, ambako jamaa zetu wavuvi hutega vikapu katikati ya maji makali, yeye ndiye aliyesema kila asubuhi nani atafanya kazi na nani. Na katika timu yetu ya mpira, yeye ndiye aliyesema nani atacheza wapi. Mtu mwingine angeziona hizo kuwa kazi mbili. Kwake ilikuwa moja, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Lazima nieleze vikapu, maana bila vikapu huyu mzee haeleweki. Miti mirefu imesimikwa kwenye mashimo ya mawe na kufungwa kwa kamba za msituni, na vikapu vyenye midomo mipana vinaning'inia hapo ili maji yenyewe yaingize samaki. Mto ukipanda au ukipungua, mtu lazima ateremke kukisogeza kikapu. Anafungwa kamba kiunoni. Mwenzake anabaki juu ya miti akiishika ile kamba. Sheria ya wazee ilikuwa moja: mshikaji awe mzito kuliko anayeteremka. Hata watoto waliijua, waliichezea kwenye mchanga.

Sasa mpira. Timu aliipanga kwa sahani. Kila mchezaji alipopokelewa alileta sahani yake ya bati, ikabaki nyumbani kwa Mupangaji. Yangu ilikuwa na ua la bluu lililobanduka upande mmoja. Jumamosi mchana, vikapu vya asubuhi vikishaangaliwa, tulikusanyika uani kwake, na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alitoka jikoni akizitua sahani chini moja moja. Tano mbele, karibu na wigo. Tatu katikati. Mbili nyuma. Moja mlangoni pa jiko. Hakuna aliyesoma majina. Uliitafuta sahani yako kwa macho, na pale ulipoiona ndipo utakapocheza kesho. Wale ambao sahani zao zilibaki kwenye rafu walikula jikoni na Mama, na kusema kweli walikula vizuri kuliko sisi, ila hakuna aliyewaonea wivu.

Mjadala ulianza na tonge la kwanza. Hiyo nayo ilikuwa sheria: samaki akiwa bado yuko kwenye sahani, kila mtu ana ruhusa ya kubisha. Ikibaki miiba, maneno yamekwisha. Kwa hiyo wabishi walikula polepole. Tulikuwa na kiungo mmoja, mtu wa Yanonge, aliyeweza kukaa na kichwa cha samaki saa nzima kwa sababu hakukubaliana na winga wa kulia. Mupangaji alimtazama tu akimumunya, hakumharakisha. Akishawishika, ambayo ilitokea kama mara mbili kwa mwaka, aliinuka mwenyewe, akaichukua sahani ya mtu pamoja na chakula chake, akaihamisha. Mwenye sahani aliifuata.

Mbishi mkuu alikuwa karani, kijana wa ofisi za mjini aliyekuja na baiskeli, kaptula nyeupe, na gazeti kwapani. Yeye hakucheza. Alikuja kubisha tu.

"Papa," alianza, "huko Ulaya sasa wanacheza na mabeki watatu. Bon. Donc tutoe mutu mumoja pale katikati, tumurudishe nyuma."

"Na huyo mutu, mwenzake atakuwa nani?" Mupangaji akauliza.

"Mwenzake wa nini?"

"Wa kamba."

Karani akatutazama sisi, akatafuta wa kucheka naye, hakumpata. "Papa, huu iko mupira. Hapana kamba huku."

"Iko," mzee alisema, na akaendelea kula.

Nadharia yake yote ilikuwa hiyo. Mtu mmoja si mstari. Mstari ni watu wawili na kitu kinachowafunga. Katika kila upande wa timu alitaka ajue nani anateremka na nani anashika. Winga anateremka: anakwenda na mpira kule mbele kwenye hatari, peke yake. Mchezaji wa ndani, yule tunayemwita inta, anashika: hakimbii sana, macho yake hayamwachi mwenzake, na mwenzake akizidiwa yeye ndiye anayemrudisha. Inta anayefunga magoli mengi hakumpenda. Alisema huyo ameacha kamba, amekwenda kuogelea.

Ukimsikiliza hivyo utadhani alijua mpira. Hakuwahi kuupiga hata mara moja. Uliwahi kubingirika hadi miguuni pake, akauinua kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, akamtafuta mwenye mali. Na siku ya mechi hakutazama. Alikaa kwenye kigoda chake pembeni ya uwanja, mgongo kwa wachezaji, uso kwenye nyasi, rozari mkononi. Alisikiliza watu. Alidai kwamba kelele za watazamaji zinatosha kumwambia ni upande gani umelegea, na mapumziko yalipofika alitukuta akatuambia mambo ambayo sisi tuliokuwa ndani hatukuyaona. Nilipokuwa kijana niliona huo ni uchawi. Sasa nadhani aliogopa tu kutazama.

Hakujua kusoma, na alimsahihisha karani orodha. Alihubiri upole, na dada yake wa tumbo moja hakuzungumza naye kwa sababu alikataa kumpa mpwa wake nafasi ya beki. "Mutoto wako anapenda kuonekana," alimwambia, mbele ya watu, siku ya Pasaka. Mtu mkali hivyo, lakini mkewe alimgeuza kwa neno moja. Mama alipanga timu kutoka jikoni. Alitoa kichwa mlangoni, kijiko cha mbao mkononi, akasema:

"Ule beki wako wa kulia hajala vizuri wiki nzima. Bibi yake amekwenda kwao Basoko."

Mupangaji aliinuka, akaiondoa sahani ya beki wa kulia. Beki akaanza kueleza kwamba amekula, dada yake amempikia, likambo te, hakuna shida. Haikusaidia. Akapelekwa jikoni, na Mama akamjazia pondu, kisamvu chetu, hadi ukingoni.

Mimi na Faustin tulikuwa upande wa kushoto.

Faustin nilikua naye. Nyumba zetu ziligusana, komunyo ya kwanza tulipokea siku moja, na mimi ndiye niliyempeleka barua kwa msichana aliyekuja kuwa mke wake. Alikuwa na mapaja ya mtu wa kubeba magogo na hakuogopa kitu: maji, mbwa wa wazungu, hata polisi. Mimi nilikuwa mwembamba na niliogopa vyote hivyo. Sahani yake, yenye mdomo mwekundu, ilitua kwenye kona kabisa ya wigo: winga wa kushoto. Yangu yenye ua la bluu ilitua kando yake, inta. Miaka mitatu zilitua hivyo. Nikisema hiyo ilikuwa miaka mizuri ya maisha yangu, sitaki mtu anicheke.

Karani ndiye aliyeipinga ile kushoto yetu. Leo lazima nimpe haki yake.

"Papa, mi naona umewageuza," alisema Jumamosi moja. "Placide iko mwepesi, mupeleke pembeni akimbie. Faustin mwenye mapaja akae ndani, ashike. Hata kule kwenye vikapu sheria yenu ni hiyo, ama vipi?"

Tukacheka, kwa sababu hatimaye karani alikuwa ametaja vikapu. Mupangaji hakucheka. Alimtazama Faustin, akanitazama mimi.

"Faustin haogopi," alisema. "Mutu asiyeogopa anafaa kuteremka. Placide ni muoga. Muoga anamuangalia mwenzake sana. Muoga hapana kuacha kamba."

Neno muoga halikuniuma. Alilisema kama mtu anavyosema huyu ni mrefu, yule ana meno mazuri. Nililibeba hadi nyumbani kama sifa, nikamwambia mama yangu.

Wiki iliyofuata tulikuwa na mechi na timu ya ng'ambo ya mto, na wale walikuwa wametufunga mara mbili mfululizo, zote kupitia kushoto kwetu. Mupangaji hakulala vizuri, Mama alitueleza. Siku tatu kabla ya mechi alifika kwenye mawe alfajiri kugawa watu, akafika kwenye kikapu cha mbali, kile kibaya, akasema: Faustin ateremke, Placide ashike.

Wavuvi wakasimama. Mzee mmoja alimwambia wazi, "Huyu hana uzito."

"Mechi iko Jumapili," Mupangaji alijibu. "Nataka kushoto yangu izoeane."

Yaani alitaka tufanye majini lile alilotaka tulifanye uwanjani. Miaka yote alikuwa ameuleta mto kwenye mpira. Siku ile aliupeleka mpira mtoni. Hakuna timu nyingine duniani ambayo ingekosea hivyo, na sisi sote tulikuwa pale, na sheria tuliijua, na hakuna aliyemzuia zaidi ya maneno yale matatu ya yule mzee. Mimi ningeweza kukataa. Nilifurahi kuchaguliwa.

Faustin aliteremka akiimba kitu cha kipuuzi kuhusu beki wa ng'ambo. Akakifikia kikapu, akakisukuma, maji yakamgeuza. Kamba ikavuta. Miguu yangu ilikuwa juu ya mti uliolowa na nilihisi uzito wake wote unakuja mikononi mwangu, nikaona maji meupe chini yangu, nikaona kwamba nikiendelea kushika nitakwenda naye.

Nataka niandike hili sawasawa, kwa sababu miaka mingi nilijidanganya. Sikuteleza. Niliogopa kwamba nitateleza, nikaacha.

Walimtoa. Watu wa maporomoko wanajua kumtoa mtu majini. Lakini goti lake lilikuwa limebanwa kati ya jiwe na mti, na tulipomlaza juu ya mawe mguu ule ulielekea upande ambao mguu hauelekei. Hakulia. Aliniangalia na kuniuliza kama mimi ni mzima. Hilo pia lazima liandikwe.

Katika zile purukushani nilimwona Mupangaji ameinama, anaikusanya ile kamba, anaikunja, anaondoka nayo. Jioni, mbele ya wazee wote, alisema kamba ilikuwa mbovu, imekatika. Kwamba yeye ndiye aliyeikagua asubuhi, hakuona. Kwamba kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mikono kati ya magoti. Nikanyamaza.

Wazee walimnyang'anya kazi ya kugawa watu kwenye vikapu. Kazi ile ilikuwa ya baba yake na babu yake. Walimwachia timu, kwa sababu timu haikuwa kitu kwao.

Jumamosi iliyofuata Mama alitoka na sahani. Nilitazama kona ya wigo: sahani ngeni. Nilitazama kando yake: sahani ngeni. Nikaikuta yangu mlangoni pa jiko, peke yake, ua la bluu limegeuzwa juu. Golini.

Mimi, mtu mwembamba, muoga, golini. Karani akapinga hadi mate yakamkauka. Akasema hata paka anaweza kuniruka. Mupangaji alikula samaki wake taratibu, miiba ikabaki, maneno yakaisha.

Basi nikawa kipa, na hapo ndipo chuki ilipoota. Asiyewahi kuwa golini hajui jinsi unavyoitazama migongo ya wenzako muda wote. Kila mmoja ana mwenzake, wewe huna. Na kila Jumamosi nilikaa pale mlangoni, na nikigeuza shingo kidogo niliona rafu ya jikoni, na juu ya rafu sahani yenye mdomo mwekundu. Faustin hakurudi tena pale uani. Mguu ulikauka ukiwa umenyooka, akafungua banda la kutengeneza baiskeli karibu na bandari. Lakini Mama aliiosha sahani yake kila Jumamosi pamoja na zile nyingine, akaifuta, akairudisha mahali pake. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote niliyokaa golini.

Kilichonila ni hiki. Kama Mupangaji anajua niliacha, kwa nini hasemi? Na kama hajui, kwa nini amenitoa kwenye mstari? Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Nilikutana na Faustin mara nyingi, nilipeleka baiskeli yangu kwake hata pale ilipokuwa haina ubovu. Tulizungumza habari za watoto. Aliniambia mara moja, akiwa ameinamia mnyororo, "Ile kamba mbaya iliharibu watu wengi, hata ule mzee." Nikamwambia ndiyo, iliharibu.

Nilikuwa kipa mzuri, kwa bahati mbaya. Niliushika mpira kama mwizi anavyoshika alichoiba. Watu wa ng'ambo walilijua jina langu. Na kila nilipodaka, nilisikia kelele za watazamaji zinapanda, nikamtafuta kwa macho yule mzee kwenye kigoda chake, nikaona mgongo. Nilitaka ageuke mara moja tu. Nilijua hageuki kwa ajili ya mtu yeyote, lakini hasira haina akili hiyo.

Miaka ile ya hamsini ilikuwa inakwisha. Mjini watu walianza kuzungumza mambo mengine, makubwa, mikutano ilijaa, na mpira ukawa mdogo. Timu ilichukuliwa na karani. Aliipanga kwa karatasi, akaibandika kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, mabeki watatu kama alivyotaka siku zote, na siwezi kusema ilicheza vibaya. Mimi niliacha, magoti yalikuwa yameanza kulalamika. Mupangaji akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Sikwenda kumwona. Nilijiambia nina kazi.

Kisha Mama akanitumia neno kwa jirani: Papa anakuita, uje Jumamosi, saa ya kula.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha mti, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Amekuwa mdogo. Masikio tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Ua ulikuwa umefagiliwa kama zamani, na hakukuwa na mtu mwingine yeyote. Nikavuta kigoda.

"Unaonekana umechoka," alisema.

"Niko sawa, Papa."

"Mimi nimechoka." Alipumua kidogo, akaendelea. "Placide. Kamba ikikatika, kipande kimoja kinabaki mukononi mwa mushikaji. Siku ile nilikuangalia mikono. Ilikuwa mitupu."

Kuku wa jirani alipita kati yetu. Nilimtazama yule kuku mpaka akatoka nje ya wigo.

"Ulijua," nikasema.

"Kamba nilichoma moto jioni ile ile. Ilikuwa nzima."

Miaka saba nilikuwa nimeyaandaa maneno ya siku hii. Yalikuwa makali, yenye mpangilio. Yote yalipotea, likabaki swali la kitoto. "Sasa kwa nini uliniweka golini? Si bora ungesema, wanipige, yaishe?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata ukimuuliza kama anataka maji.

"Nilisema muoga hapana kuacha kamba. Nilisema mbele ya watu wote. Nilikosea. Mutu mwepesi nilimupa kazi ya muzito, sababu ya mupira. Kosa lile liko langu, na wazee walinichukulia kazi, walifanya vizuri. Lakini kuacha ni kwako. Golini nilikuweka sababu sikuweza kumufunga mutu mwingine na wewe, na sikutaka kukutoa kwenye timu. Hapana mahali ingine."

Ndiyo hivyo tu. Haikuwa adhabu wala haikuwa somo. Ilikuwa mahali pekee palipobaki. Niliona uchovu ukinishuka kutoka mabegani hadi miguuni, ule uchovu wa mtu aliyebeba gunia akaambiwa halikuwa na kitu.

"Faustin anafikiri kamba ilikatika," nikasema.

"Anafikiri hivyo sababu mimi nilimwambia hivyo. Miaka saba nimekushikia kamba yako, Placide. Mikono inachoka. Mi nakwenda, na siwezi kwenda nayo."

Ndipo Mama akatoka jikoni. Alikuwa na sahani mbili, zote zimejaa, samaki wa liboke bado amefungwa kwenye majani yake, mvuke unatoka. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda hadi wigoni, upande wa kushoto. Sahani yenye mdomo mwekundu akaitua kwenye kona. Ile yenye ua la bluu akaitua kando yake. Kisha nikasikia nje gurudumu la baiskeli linaloburutwa, na Faustin akaingia akiiegemea kama fimbo, anachechemea, anauliza nani amekufa hadi na yeye ameitwa.

Alipoziona sahani alisimama. Aliziangalia kwa muda, akacheka polepole, akatikisa kichwa. "Mama," akasema, "hata hii bado unayo." Akaegemeza baiskeli, akajishusha chini kwa shida, mguu mbovu akaunyoosha mbele yake, akapiga chini kando yake kwa kiganja ili nikae. Nikaacha kigoda, nikaenda nikakaa. Mahali pangu. Nilinusa moshi wa majani na jasho la mwenzangu, na kwa muda mfupi nilitamani nile tu, nile polepole kama yule kiungo wa Yanonge, samaki asiishe hata siku moja.

Mupangaji alikuwa ametugeuzia mgongo. Sijui ni lini alikigeuza kile kiti, au ni Mama aliyemgeuza. Alikuwa anatazama ukuta, rozari kwenye blanketi, anasikiliza.

"Faustin," nikasema. "Kamba haikukatika. Niliiacha. Niliogopa nitaingia na wewe, nikaacha."

Mkono wake ulikuwa kwenye majani ya liboke, anafungua. Ukasimama. Hakuniomba nirudie. Nilimwona anaitazama mikono yangu, kisha goti lake, kisha tena mikono yangu. Nilingoja tusi. Ningelipokea kwa shukrani. Alikaa hivyo mpaka mvuke wa sahani yake ulipokwisha.

Kisha akashika wigo, akajivuta akasimama. Nikajua anaondoka, na kwamba sitamwona tena, na kwamba ana haki. Aliinama kwa tabu, akaichukua sahani yake. Akavuka ua, hatua moja nzima, hatua moja ya kuburuta, akipita mbele ya mahali pa wote watano, hadi kona ya pili ya wigo, kulia kabisa, mbali nami kadiri ua ulivyoruhusu. Akakaa pale, mgongo kwangu. Nikaona bega lake linasogea. Alikuwa anakula.

"Amekwenda wapi?" Mupangaji aliuliza, bila kugeuka.

"Winga wa kulia," Mama akamjibu kutoka mlangoni pa jiko.

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Vidole vyake vilisogeza punje moja ya rozari.

"Hajatoka uwanjani," alisema. "Kula, Placide. Chakula inapoa."

Nikala.